Kopo la Salajit Kwenye Jiwe la Daraja

Wifi yangu Mehrangez hanywi chai ya mtu. Akialikwa harusini huja na kikombe chake mfukoni, na chumvi yake kaifunga kwenye pembe ya mtandio, maana chai yetu ni ya chumvi na yeye haamini chumvi ya watu. Mwenye shughuli akimkaribisha kwa bashasha, ndiyo kwanza anaingiwa na wasiwasi. "Mbona anacheka sana?" huninong'oneza. "Katia nini humu?" Mimi ni dada wa mumewe, tumeishi ukuta kwa ukuta tangu alipoolewa, na sijawahi kumpa hata yai asiliinue kwanza kwenye jua alitazame.

Pamoja na hayo, kijiji kizima kilikuwa kinamtegemea yeye. Nasema hivyo kwa sababu ya salajit, ule utomvu mweusi unaochuruzika kwenye nyufa za miamba huko juu, kiangazi mwamba ukishika joto. Wanaume huubandua pamoja na mawe yake na kuuteremsha mgongoni. Wanawake huuloweka, huuchuja kwa kitambaa tena na tena, kisha huuanika kwenye masinia juu ya paa mpaka unate. Wenye haraka huupika kwa moto, na hao Mehrangez aliwaweka kundi moja na wezi wa mbuzi.

Kwetu hiyo ndiyo dawa ya kwanza mtu anayoikumbuka. Goti linalogoma kupanda ngazi, mgongo wa kubeba kuni, kifua kilichoingia baridi, mfupa uliovunjika: punje ya ukubwa wa dengu kwenye maziwa ya moto, asubuhi kabla ya chochote. Mwenye presha hapewi, wanasema inachemsha damu. Wazee wa kiume wana sababu yao nyingine ya kuinywa, na wakiitaja hushusha sauti, kana kwamba sisi wake zao hatuijui. Mimi mwenyewe sina hakika inaponya kiasi gani. Nimeona waliosimama na nimeona waliobaki wamelala vilevile. Tabibu wa zahanati nilipomuuliza alikuna kichwa, akasema iliyochujwa vizuri hagombani nayo sana, lakini ile chafu yenye mchanga na madini yasiyojulikana asiione karibu na mgonjwa wake.

Basi mtu akipata donge, kabla hajalila alilipeleka kwa Mehrangez. Alilifumbata kiganjani alione linalainika. Alilitia kwenye maji baridi alione linakuwa gumu na kukatika. Alimega chembe akaitia kwenye glasi ya maji, akaiangalia inavyoyeyuka, kama inaacha unga chini. Mwisho aliweka chembe nyingine kwenye ncha ya waya, akaisogeza kwenye moto. Ya kweli huvimba, ikatoa povu, ikawa majivu. Ikishika mwali na kunukia tamu, ujue umelishwa sukari. "Mrudishie aliyekuuzia," alisema, "na umwambie Mehrangez anamsalimu."

Watu walimcheka kwa shaka zake, nami nilikuwa mstari wa mbele. Lakini najua zilikotoka. Alipokuwa msichana baba yake aliporomoka na maporomoko ya mawe, mbavu zikavunjika. Mchuuzi mmoja mwenye maneno ya kutia huruma akawaletea donge, na ni Mehrangez aliyemnywesha baba yake kila asubuhi, kwa mkono wake, majira yote ya baridi. Baada ya barafu kuyeyuka ndipo jirani mmoja alipolitia motoni. Lilikuwa unga uliounguzwa na sukari ya rangi. Baba aliishi, lakini alibaki amepinda upande mmoja mpaka anazikwa. "Labda angepinda tu hata kwa dawa ya kweli," niliwahi kumwambia. Akanijibu, "Labda. Lakini mkono uliomlisha uongo ni huu." Sikumtania tena kuhusu hilo.

Mwaka juzi, wakati wa kuanua aprikoti, kaka yangu Gohar alianguka kutoka juu ya paa lake mwenyewe. Alikuwa akirudi kinyumenyume huku akimfokea kunguru. Mguu ukavunjika chini ya goti, zahanati wakaufunga plasta mpaka pajani, akalazwa kwenye chumba kikubwa chini ya tundu la moshi, na kuanzia siku ile nyumba ile haikuwa na amani. Gohar akiwa mzima ni mtu wa maneno machache. Akiumwa analalamika kuliko kuku aliyekanyagwa.

Habari zilivuka mto, na Tawakal akaja. Huyu Tawakal ni kijana wa kijiji cha ng'ambo, anapanda miamba kutafuta salajit, na mama yake Zaibun ndiye anayeichuja. Hawana shamba la maana. Wanakula kwa jina la salajit yao. Kijana alikuwa amempenda Dilshad, binti pekee wa Mehrangez, na Dilshad alimpenda yeye, jambo ambalo kila mtu alilijua isipokuwa Gohar. Alikuja na kopo la bati limejaa mpaka mdomoni.

"Mama, hii nimeitoa mwenyewe na mama yangu ameianika juani," alisema kwa adabu, kofia mkononi. "Ni ya mguu wa baba. Na kama mtaipokea, basi ipokeeni pia kama neno la posa."

Mehrangez alilichukua kopo, akachota juu kidogo kwa ncha ya kisu, akafumbata, akaloweka, akayeyusha, akachoma. Kijana wa watu alisimama pale mlangoni muda wote huo anatoka jasho. Dilshad alikuwa amejificha nyuma yangu, ananiminya mkono mpaka ukafa ganzi. Hatimaye Mehrangez alifuta waya kwenye aproni.

"Haina kasoro," alisema, na kwa sauti yake ungedhani amekosa kitu alichokuwa akikitafuta. "Mwambie mama yako tumepokea."

Dilshad aliniachia mkono. Nilimwona akilia na kucheka kwa pamoja, nami nikalia vilevile, mjinga mimi.

Kila asubuhi Mehrangez akamnywesha mumewe. Salajit ni chungu, tena ina harufu ya zizi, na Gohar alikuwa akiimeza kwa kelele kama anachinjwa. Alikunja uso, akashika shingo, akamwita marehemu mama yetu. Kwenye kishubaka cha ukutani karibu na mto wake palikuwa na kopo la Tawakal, na pembeni yake mtungi wa asali ya forsadi. Kila nyumba huku hupika tunda la forsadi mpaka maji yake yawe mazito na meusi, tukala na mkate wakati wa baridi. Ukiyaweka hayo mawili pamoja kwenye giza la kishubaka, kwa macho huwezi kuyatenganisha.

Asubuhi moja nilikuwepo, nimekwenda kuomba chachu. Mehrangez alimpa Gohar kikombe, Gohar akanywa, akafuta masharubu, akarudisha kikombe. Kimya.

"Mbona hukukunja uso?" mkewe akamuuliza.

"Nimezoea."

"Jana ulikuwa hujazoea."

"Mwanamke, nikilia kosa, nikinyamaza kosa!"

Mehrangez alimkazia macho, kisha akalichukua kopo. Safari hii alichota kutoka chini kabisa. Akaipeleka chembe kwenye moto, nayo ikashika mwali papo hapo, chumba kikanukia sukari iliyoungua. Ilikuwa harufu nzuri, nakumbuka, na uso wa wifi yangu ukawa mweupe kama maziwa. Kuna hila moja ya zamani ya wachuuzi wabaya, ya kutia mali safi juu na uchafu chini, na ndiyo iliyomjia kichwani mara moja.

"Alijua nitapima juu," alisema polepole. "Alisimama pale na kofia yake mkononi, anajua nitapima juu."

"Wifi, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini? Nimemlisha mume wangu uongo kwa mkono huu huu!"

Gohar alikuwa amegeukia ukuta. Nilidhani anaumwa.

Kwetu zawadi ya posa ikikataliwa kwa heri hurudishwa nyumbani kwa mwenyewe, kimyakimya. Ikikataliwa kwa shari huwekwa kwenye jiwe kubwa la kichwa cha daraja, na kila anayevuka huiona. Haiguswi na mtu. Mehrangez alikwenda mchana kweupe, wanawake wote wakiwa mferejini wanaosha aprikoti, akaliweka kopo kwenye jiwe akaufungua mfuniko. "Yeyote anayenunua salajit ya Zaibun," alisema kwa sauti ya kufika mtoni, "na apime chini."

Tawakal alikuja kesho yake, mbio, hana hata kofia. "Mama, nakuomba, pima tena mbele yangu. Mama yangu hajawahi kutia hata tone la..."

"Nilishapima mbele yako."

"Basi niulize! Nipige, lakini niulize!"

"Wachuuzi wote wana midomo mizuri," Mehrangez akasema, akafunga mlango. Na kumbuka, huyu si mchuuzi, ni mtoto aliyekuwa akining'inia kwenye kamba ili mguu wa kaka yangu upone. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nirudi kwangu.

Wanunuzi waliokuwa wakipanda kutoka mji wa chini kila mwaka walifika darajani, wakaliona kopo, wakauliza, wakageuza. Masinia ya Zaibun yalibaki paani yamejaa. Dilshad aliacha kula sahani moja na mama yake. Alipika, alifua, alimbeba baba yake kumpeleka uani, lakini kwa mama yake hakutoa neno. Mwenzangu nyumba ilimnyamazia kabisa, akajifanya hasikii. Nami sitaficha, nilimkasirikia hadi nikapitia njia ya juu ili nisikutane naye.

Kwa ajili ya mguu wa Gohar alifungua salajit yake mwenyewe, aliyoichuja kwa mikono yake na kuifungia sandukuni. Kelele za asubuhi zikaanza upya. Kisha, baada ya siku chache, zikakoma tena.

Nilisikia ugomvi kupitia ukutani, nikaenda. Mehrangez alikuwa amesimama katikati ya chumba, waya mkononi, na ile harufu tamu imejaa kotekote.

"Hii haijawahi kutoka nje ya nyumba hii," alisema. "Hii sikuinunua, sikupewa. Nani anaingia nyumbani kwangu?" Macho yakanishukia mimi. "Wewe ndiye unayeingia."

"Mimi?"

"Kila siku chachu, kila siku chumvi, kila siku unaazima!"

"Wee Mehrangez! Nikutilie sukari kwenye dawa ya kaka yangu wa tumbo moja? Nina kichaa?"

"Ulikuwa upande wao tangu mwanzo."

"Nipime basi!" nilipiga kelele. "Chukua huo waya wako, nichome, uone kama nitatoa povu!"

Dilshad aliinuka kutoka kando ya jiko. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema na mama yake tangu kopo lilipokwenda darajani. "Ukimaliza na shangazi, mama, nipime na mimi," alisema. "Hujabakiza mwingine."

Wala hakusema kwa hasira. Na hapo hapo Gohar akapiga yowe.

"Yalla! Vueni! Vueni hiki kitu! Wananila!"

Alikuwa akijipiga plasta kwa ngumi zote mbili. Tulimkimbilia. Kutoka kwenye kishubaka, chini ya ukuta, juu ya godoro, mpaka pajani kwake, palikuwa na mstari wa sisimizi, wembamba, wenye nidhamu, wanaingia ndani ya plasta mmoja baada ya mwingine. Mehrangez aliinama. Aliutazama mstari ule kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akatia vidole viwili kati ya plasta na paja la mumewe, akachomoa kijiti.

Kilikuwa kijiti chake cha kujikunia, kila mwenye plasta ana chake. Ncha yake ilikuwa nyeusi, inanata, imejaa sisimizi. Salajit haivuti sisimizi. Mehrangez alikigusisha ulimi.

"Forsadi," alisema.

Gohar alikuwa analia, sijui kwa sisimizi au kwa aibu. "Ni chungu," alisema. "Ni chungu mno, Mehrangez. Mkienda mferejini nilikuwa nachanganya kidogo tu, kwa kijiti. Kidogo tu."

"Hata ile ya Tawakal."

"Hata ile."

"Nimeliweka kopo lile darajani. Ulinisikia nikitoka. Ulimsikia mtoto wa watu akilia mlangoni." Hakuwa akipaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

Kaka yangu alimtazama. Ni mtu mwoga, nampenda lakini ni mwoga, na siku ile kwa mara moja alisema kitu bila kuzunguka. "Wewe," alisema. "Ungeniangalia namna unavyowaangalia wao."

Mehrangez aliketi sakafuni. Kijiti bado kilikuwa mkononi, na sisimizi wakampanda kwenye kiwiko, hakuwafukuza. Alikaa hivyo mpaka Dilshad akamfuta mkono kwa kitambaa. Tukamwondoa Gohar kwenye godoro, tukamwagia maji, tukamwita tabibu aje na msumeno wake. Huku nyuma Mehrangez alikuwa ameinuka na kujifunga mtandio.

"Twende, wifi," aliniambia.

"Wapi?"

"Unajua ni wapi. Siwezi kwenda peke yangu."

Kopo lilikuwa palepale kwenye jiwe, limepauka kwa jua, nyigu wamejaa mdomoni. Kila aliyepita aliwaona wale nyigu akasema ni sukari ya wachuuzi, na hakuna aliyewaza forsadi, mimi nikiwemo. Alilifunika, akalikumbatia kifuani, akavuka. Wanawake waliokuwa mferejini walisimama kutazama, na aliposikia minong'ono yao aligeuka.

"Uchafu huu umetiwa nyumbani kwangu!" aliwapigia kelele. "Ni mume wangu na asali yake ya forsadi. Salajit ya Zaibun ni safi juu mpaka chini. Mwambieni kila mtu, kama mlivyowaambia siku ile!"

Zaibun alikuwa uani anapepeta nafaka. Alituona, akalitambua kopo, akaendelea kupepeta. Mehrangez alilitua kopo chini mbele yake akasema yote, kuanzia kijiti mpaka sisimizi, bila kujitetea. Tawakal alikuwa kwenye kivuli cha ukuta na kamba zake, ameacha kuzisuka, hainui kichwa.

"Umemaliza?" Zaibun aliuliza.

"Nimemaliza."

"Wanunuzi wameshateremka. Msimu umekwisha."

"Najua."

"Na mwanangu ameitwa mwizi."

"Na mimi. Nilimwita mimi."

Zaibun aliingia ndani. Tukasikia moto ukipulizwa, chombo kikigongwa. Nilidhani hatatoka tena. Alipotoka alikuwa na bakuli la maziwa ya moto, yamegeuka rangi ya chai, mvuke unapanda. Akaliweka juu ya sinia lililopinduliwa mbele ya Mehrangez.

"Salajit yangu," alisema. "Nimeitoa chini kabisa ya kopo langu la ndani. Au labda si salajit. Labda ni sabuni, labda nimeitemea mate. Habari za kunusa kwako tunazisikia mpaka ng'ambo huku, Mama Dilshad. Haya, nusa. Kikombe chako unacho? Waya wako umeuleta?"

Nilimtazama wifi yangu. Najua mkono wake unavyokwenda mfukoni bila yeye kujua. Ulikwenda. Ukafika kwenye kikombe, nikaliona umbo lake kwenye kitambaa. Halafu ukarudi mtupu, akalishika bakuli kwa mikono miwili, akalipeleka mdomoni, akanywa. Alikunywa moja kwa moja, moto vile vile, machozi yakimtoka, mpaka akaliinua bakuli tukaona chini yake.

Zaibun alilichukua bakuli. Alilitazama ndani kwa muda mrefu, kisha akaligeuza, akalifunika juu ya lile kopo.

"Tawakal," alisema bila kugeuka. "Mletee mama mkwe wako mkate."

Tulirudi jua likiwa limeshaondoka bondeni na kubaki vileleni tu. Mehrangez alitembea mbele yangu kwenye daraja, mkono kwenye waya wa kushikia. Nilikuwa na swali limenikaa kooni tangu uani kwa Zaibun, na mimi si mtu wa kulala na swali.

"Wifi. Yale maziwa. Ilikuwa salajit kweli?"

Alisimama katikati ya daraja. Alinigeukia, na midomo yake ilikuwa imebabuka kwa moto wa yale maziwa.

"Sijui," alisema. "Nilibana pumzi. Ningevuta hewa, wifi, ningenusa tu."